Farasi Ambaye Sikumwandika

Nasra alirudi kutoka Maskati siku mbili baada ya mamake kuzikwa. Nyumba yao ya Kibokoni ilikuwa imejaa wanawake tangu ukumbini hadi kwenye ngazi, mabuibui yametundikwa kila msumari, na harufu ya udi imechanganyika na ya pilau iliyokuwa ikipikwa uani. Nilikuwa nimekuja kusoma hitima kama jirani mwingine yeyote. Nimekaa pembeni na juzuu yangu mkononi, nikahisi mtu amesimama mbele yangu, na kabla sijainua macho nikajua ni yeye, kwa vile alivyokuwa ameegemea mguu mmoja. Miaka thelathini ilikuwa imepita. Tulishikana mikono, tukapeana pole, tukalia kidogo kwa adabu, kama watu wanaojua kwamba wanatazamwa. Kisha akaninong'oneza, "Hebu twende juu, Mwanasha. Hapa siwezi kuzungumza." Nikamfuata ngazi zile zile za mwinuko mkali, mkono mmoja ukutani, nikijua ni chumba gani anakonipeleka. Nilijua pia kwamba nikishaingia mle sitakuwa na njia ila kumwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Siku hizi chumba kile ni stoo. Siku hiyo kilikuwa na magodoro yaliyopangwa hadi karibu na dari, masinia ya kuazima, na mashini ya kushonea isiyo na mkanda. Mwaka ninaotaka kuusimulia kilikuwa na meza moja, kiti kimoja na kompyuta, basi. Kompyuta yenyewe aliileta Ami Twahir, ami yake Nasra, aliyekuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo kule Mbaraki. Afisi yao iliponunua mpya, ile kuukuu wakamwachia. Akaileta kwa mkokoteni, imefungwa leso mbili za Bi Zuhura, mamake Nasra, ikapandishwa ngazi na watu wanne huku Bi Zuhura akisimama chini na kuuliza kila mara kama haitaangusha nyumba. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na ndani yake mlikuwa na feni iliyovuma mfululizo, hata nikaja kuuzoea mvumo wake kama mtu anavyozoea pumzi za aliyelala chumba kimoja naye. Rafiki ya Ami Twahir, baharia, ndiye aliyetia ndani yake programu ya sataranji. Ami Twahir mwenyewe alitaka tu kuandikia barua. Lakini barua aliandika mbili, akachoka, chumba kikabaki chetu.

Nasema chetu, ingawa Nasra hakukaa mle zaidi ya wiki mbili. Mimi na yeye tulifundishwa sataranji shuleni na mwalimu wetu wa hesabu, tukacheza mpaka wasichana wengine wakatuona tuna kasoro. Nasra alikuwa mchezaji. Mtie mbele ya umati, mwekee saa ya mchezo pembeni, ndipo anapochangamka. Mimi nilikuwa kinyume chake. Tulipokuwa wawili juu ya mkeka nilikuwa naona mbali kuliko yeye, na yeye alijua, lakini nikikaa mashindanoni mikono ilinitetemeka hata nikaangusha kete za jirani. Nilikwenda mashindano matatu. La tatu nilikuwa nikishinda, nimebakisha kusogeza ngome yangu hatua moja, nikainuka nikaenda chooni kutapika, na sikurudi. Nasra alinifuata nje, akakaa nami kwenye ngazi bila kunilaumu. "Basi," akasema, "wewe utatafuta, mimi nitacheza. Nikishinda, tumeshinda sote." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipoanza kuyashika maneno yale kama ahadi.

Mwaka huo Nasra alikwenda Nairobi kusoma chuo, akakaa kwa khalati yake, dadake Bi Zuhura. Mwisho wa mwaka palikuwa na mashindano ya kuchagua wanawake wanne wa timu itakayosafiri nje. Hapakuwahi kwenda msichana kutoka mitaa yetu. Nasra alitaka kwenda, na mimi nilitaka aende, na chombo chetu kilikuwa ni kitabu cha ufunguzi.

Hicho si kitabu cha karatasi. Ni hatua za mwanzo za mchezo zilizopangwa ndani ya kompyuta kama matawi ya mti: mpinzani akifanya hivi, wewe jibu hivi, asipofanya hivyo akafanya vile, jibu ni lile. Mwenye kitabu kizuri hufika hatua ya kumi na tano bado saa yake haijasogea, na mwenzake jasho linamtoka. Kazi yangu ilikuwa kuujenga mti huo, tawi baada ya tawi. Naipa mashine mpangilio wa kete, naiacha ifikiri, na pembeni mwa skrini inaniandikia nambari: nani yuko juu, na kwa kiasi gani. Nasra alipokuwa na kete nyeusi alipenda ulinzi mmoja tu, ule wa kumwachia mweupe uwanja wa kati kisha kuubomoa polepole. Robo tatu ya kitabu ilikuwa ya ulinzi huo. Ilikuwa mashine ya polepole. Simu niliyo nayo leo hufanya kwa kufumba na kufumbua yale yaliyoichukua mashine ile siku nzima. Nilikuwa nikiiachia swali moja jioni na kulikuta jibu lake kesho yake alasiri.

Mchana niliuza leso Biashara Street. Nilisimama nyuma ya meza ndefu, nikizikunjua na kuzikunja, nikiwasomea wateja maandishi yake maana wengi walikuja bila miwani. Saa tisa nilitoka, nikapita kununua viazi vya karai au bajia za kunde kwenye karatasi, nikala nikitembea, na baada ya alasiri nilikuwa nishapanda ngazi za kina Nasra. Bi Zuhura alinizoea upesi. Aliniletea chai ya tangawizi, akaiweka mbali na kompyuta kwa kuwa Ami Twahir alikuwa amemwambia maji yakiiingia italipuka. Miezi ya mwanzo alikuwa akiizima. Naja na hamu ya kuona jibu, nakuta skrini nyeusi.

"Ilikuwa yavuma peke yake, mwanangu," akaniambia. "Hakuna mtu. Nikaona imesahauliwa."

"Ilikuwa yafikiri, Mama."

"Yafikiri nini siku nzima?"

Nikaandika kibandiko: USIZIME, YAFIKIRI. Hakuizima tena, lakini alikuwa akipita kando yake kwa kunyata, kama chumba kina mgonjwa.

Nikiulizwa leo mwaka ule ulikuwaje, jibu la kwanza linalonijia ni kwamba ulikuwa kimya. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha nilichokipata. Nilikuwa nikigundua jambo zuri, kitunda, yaani askari mdogo wa mbele, anayesogea hatua moja tu na kuharibu mpango mzima wa mweupe, nikageuka kumwambia Nasra, na nyuma yangu palikuwa na ukuta uliobambuka chokaa. Jumapili alasiri alipiga simu. Simu ilikuwa ukumbini, na Bi Zuhura alizungumza naye kwanza, kuhusu kula, kuhusu baridi ya Nairobi, kuhusu kutochelewa nje. Mimi nikasubiri nimekaa kwenye kiti cha mlangoni, nikiwa na maswali yangu kwenye karatasi. Nilipopewa mkono wa simu zilikuwa zimebaki dakika chache. "Umepata nini?" Nasra aliniuliza, na mimi nikasema kwa haraka, farasi huku, malkia kule, na yeye akaitikia "ehe, ehe," kisha nikasikia sauti za wenzake nyuma, wasichana wa chuo wakicheka, na yeye akicheka nao kabla ya kuniaga. Kila mwisho wa mwezi nilinakili kitabu kwenye disketi, nikaitia bahasha, nikaipeleka Mwembe Tayari kwenye afisi ya basi la asubuhi. Karani alinijua. "Leo pia ni kanda ya taarabu?" aliniuliza, na mimi nikakubali kwamba ni kanda ya taarabu, maana kumweleza kungekuwa kazi.

Sakafu ya chumba kile ilikuwa ya mbao, nayo ilipitisha kila kitu. Niliyasikia maisha ya nyumba nzima kutoka chini: nazi ikikunwa, Ami Twahir akisaka miwani, wageni wakipokewa. Nilisikia pia nilivyosemwa. Siku moja mgeni aliuliza ni nani huyo juu, na Bi Zuhura akajibu bila ubaya wowote, "Ni Mwanasha, rafiki yake Nasra. Hana mengi ya kufanya, maskini. Yuwatuliza roho yake na ile mashine." Nilikaa nikitazama skrini kwa muda mrefu. Kilichoniuma si neno maskini. Ni ile kauli ya *hana mengi ya kufanya*, kwa sababu mimi nilidhani nafanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na kweli ndivyo lilivyokuwa.

Jumatano moja, siku kumi kabla ya mashindano, niliingia nikawakuta wageni wengi ukumbini, nikasalimu, nikapanda juu. Chai haikuletwa. Baada ya muda nikasikia Ami Twahir akisoma Fatiha na sauti nyingi zikiitikia amina, kisha vigelegele, vya chini chini, vya watu wasiotaka mtaa usikie bado. Nikasikia jina la Nasra. Nikasikia Maskati, na posa. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Tangu mwezi wa Mfungo Sita yeye mwenyewe yuwajua na amekubali, ila asubiriwe amalize hayo mambo yake ya Nairobi." Nilihesabu kwa vidole. Mfungo Sita ulikuwa umepita miezi minne. Jumapili kumi na sita na zaidi nilikuwa nimezungumza naye, farasi huku, malkia kule, na hakunitajia. Akienda Maskati hapatakuwa na mwaka wa pili, wala wa tatu. Mti niliokuwa nikiupanda kwa ajili ya miaka mingi ya mbele ulikuwa wa kutumika mara moja, kisha basi, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo isipokuwa mimi niliyekaa juu ya vichwa vyao.

Siku hiyo niliiachia mashine mpangilio mmoja wa ule ulinzi wa Nasra, tawi ambalo tulikuwa tukiliamini kuliko yote. Sikulichagua kwa sababu yoyote. Nilitaka tu iwe na kitu cha kufanya ili mimi niweze kuondoka. Alhamisi nilipotoka dukani nambari zilikuwa bado zasema mweusi yuko salama. Nilikaa mpaka karibu na magharibi, sifanyi kitu, na nikiwa nimekwisha kuvaa buibui langu nambari ikageuka mbele ya macho yangu. Mashine ilikuwa imemwona farasi. Farasi mweupe anakula kitunda kilicholindwa, anajitoa afe, na kwa hatua mbili tatu mweupe huonekana kama mjinga aliyepoteza kete bure. Lakini njia ya kumwendea mfalme mweusi inabaki wazi, na hakuna wa kuifunga. Nilikaa tena kwenye kiti. Nikapanga kete mezani nikalijaribu kwa mkono wangu, na lilikuwa kweli. Baada ya hatua ya kumi na nne, tawi letu tulilolipenda lilikuwa limekufa. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi, kumrudisha malkia mweusi nyumba moja ya ubao nyuma mapema zaidi. Kuliandika hilo kungenichukua dakika kumi.

Sikuliandika. Nimejaribu kwa miaka mingi kujitafutia maneno mazuri: nilichoka, umeme ulikatika, nilidhani hakuna binadamu atakayemwona farasi yule. Umeme haukukatika. Nilinakili kitabu kama kilivyokuwa, nikatia disketi kwenye bahasha, nikaizima mashine, na kesho yake asubuhi nikasimama Mwembe Tayari na bahasha ile mkononi mpaka karani akaniuliza kama basi lingoje. Nikampa. Sikutaka Nasra ashindwe. Hilo naweza kuliapia. Nilitaka pawe na jambo moja ninalolijua mimi na yeye halijui, kama vile yeye alivyokuwa nalo lake.

Jumapili akapiga simu. Nilipopewa mkono wa simu nilingoja aniambie. Nilimpa nafasi, nikanyamaza kuliko kawaida. Akasema, "Disketi nimepata. Kuna lolote jipya?" Nikasema hakuna. "Hakuna kabisa?" Nikasema, "Hakuna kabisa." Bi Zuhura alikuwa amekaa pale akichambua mchele.

Yaliyotokea Nairobi niliyasikia kwa simu pia. Ilikuwa raundi ya mwisho, na Nasra alihitaji sare tu. Mpinzani wake, mwanamke aliyemzidi umri, alikuja hatua kwa hatua ndani ya tawi letu, na Nasra alifurahi, akacheza haraka haraka kutoka kichwani, akasogeza ile hatua ya kumi na nne akainuka kwenda kunywa maji. Aliporudi mwenzake bado alikuwa ameinama. Aliinama nusu saa nzima. Kisha akamshika farasi. Nasra akakosa nafasi ya nne kwa nusu alama. Aliponiambia hayo sauti yake ilikuwa kavu, si ya mtu aliyelia bali ya mtu aliyemaliza kulia.

"Mwanasha, yule farasi. Kompyuta haikumwona?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuwa na ukumbi mtupu, Bi Zuhura alikuwa jikoni.

"Haikumwona," nikasema.

Akavuta pumzi. "Basi si kosa letu," akasema. "Tumefanya tulivyoweza."

Nasra aliolewa baada ya mwezi mmoja. Niliimba, nikapaka watu hina, nikabeba masinia. Hatukupata kuwa wawili peke yetu hata mara moja, na nadhani mimi ndiye niliyehakikisha. Alipoondoka Bi Zuhura aliniambia niendelee kuja, mashine ipo, chai ipo. Nilikwenda mara moja. Niliufungua mti wetu nikautazama, nikaufuta wote, na sikucheza sataranji tena. Watu huniuliza kwa nini sikuolewa, kwa nini sikuondoka dukani hadi lilipofungwa, kwa nini napenda kukaa peke yangu. Mtu hana sababu moja. Lakini tangu mwaka ule, kila aliponisogelea mtu nikaona anaanza kuniamini, nilirudi nyuma, kwa kuwa nilishajua ninavyoweza kufanya na uaminifu wa mtu nikiumia.

Haya yote nilimwambia Nasra siku ile ya hitima, tumekaa juu ya magodoro, huku chini wanawake wakisoma. Nilimwambia kwa mpangilio, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumapili. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa akiitazama mikono yake.

"Kwa hivyo ilimwona," akasema.

"Ilimwona."

"Na ulijua nilipokuuliza."

"Nilijua."

Kisha akaanza kusema polepole, kama anayetafuta kitu gizani. "Wajua kwa nini sikukwambia habari ya posa? Nilikuwa sijakubali. Walisema nimekubali, lakini mimi nilimwambia Ami Twahir neno moja: nikiingia timu, muningojee miaka miwili. Naye akanipa ahadi. Nikasema sitamwambia Mwanasha mpaka nishinde, ili nisimtie wasiwasi akaacha kufanya kazi. Nilitaka nije nikwambie, tuna miaka miwili."

Chini walikuwa wamefika kwenye dua.

"Mume wangu ni mtu mwema," akaendelea. "Sitaki ufikirie vingine. Nina watoto wanne, sijutii hata mmoja. Lakini nilitaka nichague mimi. Na kwa miaka thelathini nimekuwa nikijiambia kwamba nilishindwa kwa haki, kwamba hata mashine haikuliona lile jambo. Nilikuwa nikijipoza kwalo. Wewe leo umeniondolea hilo."

"Nisamehe, Nasra."

"La," akasema. Hakulisema kwa ukali. "Sijakusamehe. Usije ukatoka hapa ukajidanganya kwamba nimekusamehe. Mama amekufa juzi, sina nafasi ya kusamehe mtu."

Nikainuka, nikitaka kushuka kulitafuta buibui langu kati ya yale mengine, niondoke kabla hajaniona nikilia. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, bila kugeuza uso wake kutoka dirishani, "Wenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kuna nani nyumbani?"

Alijua hakuna mtu. Akalivuta godoro moja likaanguka, vumbi likatimka, akalinyoosha kwa mkono karibu na lile alilokalia.

"Kaa," akasema. "Nimechoka kukaa na watu wanaonipa pole. Kaa wewe."

Nikarudi nikakaa. Hatukusema neno lingine mpaka adhana ya magharibi.